Darasa la jioni la tiyatere (maigizo) Kamalondo: muhula wa kwanza lipa, wa pili uliza kwanza

Tuanze na hukumu, maana wengi wanaoulizia darasa hili wana pesa ya kuhesabu na jioni chache. Kwa mtu mzima ambaye hajawahi kupanda jukwaani, muhula wa kwanza unastahili kila franka. Muhula wa pili una kasoro zisizofaa kunyamaziwa. Walimu wa hapa ni hodari sana wa kumfundisha mtu kumsikiliza mwenzake na kumfanyia jambo, lakini sauti hawaifundishi sawasawa, na muhula wa pili mzima unaegemea sauti.

Vikao ni Jumanne na Alhamisi, saa 17:30 hadi 19:30, katika chumba cha shule ya msingi, komine (mtaa mkubwa wa mji) ya Kamalondo, Lubumbashi. Muhula ni wiki 10, yaani masaa 40. Bei ni dola 60, nusu siku ya kujiandikisha na nusu kabla ya wiki ya sita. Franka zinapokelewa kwa bei ya siku. Dola yenye mpasuko hata mdogo inarudishwa, kama kila mahali mjini. Dai risiti, kwa sababu anayepokea pesa si mwalimu, na daftari lake linaandikwa kwa penseli. Jioni uliyokosa hairudiwi, wala pesa yake hairudishwi.

Ukipiga hesabu, ni dola moja na nusu kwa saa. Mwenye kazi na watoto hana pengine pa kukimbilia: Institut national des arts iko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa. Halle de l'Étoile, yaani Institut français ya Lubumbashi, ni mahali pa kwenda kutazama michezo, na uende kweli, ila kutazama peke yake hakumtengenezi mwigizaji. Lile jumba kubwa la tiyatere lililojengwa mjini miaka ya 1950 leo ni makao ya bunge la jimbo. Ndiyo maana mtu anayeanza anajikuta katika vyumba vya shule na kumbi za parokia, na chumba chenyewe tutakirudia hapo chini kwa sababu kinaharibu mambo.

Jambo la kwanza la kusifu ni idadi. Wanapokea watu 12, hawazidishi. Katika masaa mawili, ukitoa dakika 20 za kuamsha mwili na 20 za maelezo, inabaki saa moja na dakika 20. Watu 12 ni jozi sita, na kila jozi inapata kama dakika 13 mbele ya mwalimu. Wakiwa 24, dakika hizo zinakuwa sita, na dakika sita zinaisha kabla mtu hajaacha kutetemeka. Darasa lolote mjini linalopokea watu 20 na zaidi kwa mwalimu mmoja, usiliingie hata likiwa la bure.

Mtu mzima haji darasani akiwa mtupu. Anakuja na miaka ya resitasyo ya shuleni, yaani kukariri mbele ya darasa: amesimama wima, mikono nyuma, macho ukutani, sauti inapanda na kushuka kwa wimbo uleule kila mstari. Mwingine anatoka kwenye michezo ya kanisani, ambako mtu anamjibu mkewe aliye nyuma yake huku amewageukia waumini. Mwingine amekulia vichekesho vya televisheni na anadhani kuigiza ni kukunja uso. Walimu hawa hawavidharau vitu hivyo, na wana haki. Huu ndio mji wa kundi la Mufwankolo, lililocheza miaka mingi redioni na kwenye televisheni kwa Kiswahili cha Lubumbashi chenyewe, na ambalo lilijenga michezo bila maandishi kamili: wanakubaliana kisa na mpangilio, maneno yanazaliwa mazoezini. Darasa linafuata njia hiyo wiki tatu za mwanzo. Hakuna karatasi, hakuna Kifaransa cha kukariri. Mtu anaongea anavyoongea sokoni, na hiyo inaokoa muda mwingi, kwa sababu anayeanza akipewa Kifaransa cha jukwaani anarudi moja kwa moja kwenye resitasyo.

Jioni ya kwanza ni kutembea tu. Watu 12 wanatembea chumbani, wakijaza nafasi zilizo wazi, bila kugusana, bila kuzunguka duara. Mwalimu anataja kasi ya kutembea kuanzia 1 hadi 5, halafu wote wanatakiwa kusimama kwa pamoja bila mtu kutoa amri. Mara za kwanza haifaulu, kwa sababu kila mmoja anatazama sakafu. Inafaulu macho yanapopanuka na kuanza kuwaona watu wa pembeni. Wengine wanaona ni mchezo wa watoto na hawarudi Alhamisi. Wanakosa kilicho bora.

Kilicho bora ni zoezi la kurudia, lililoanzishwa na mwalimu Mmarekani Sanford Meisner, na hapa linafanywa vizuri kuliko tulivyotarajia. Wawili wanakaa kwenye viti, wanatazamana, umbali wa mkono mmoja kati ya magoti yao. Mmoja anasema kitu anachokiona: "Umevaa shati ya buluu." Mwenzake anajibu: "Nimevaa shati ya buluu." "Umevaa shati ya buluu." "Nimevaa shati ya buluu." Wanaendelea hivyo bila kubuni lolote, mpaka kitu kibadilike chenyewe. Mmoja akicheka, mwingine anataja: "Umecheka." "Nimecheka." Akisogeza kiti: "Umesogea." "Nimesogea." Dakika nne au tano, basi.

Linaharibika kwa njia tatu. Wa kwanza anapamba: anabadilisha sauti makusudi, mara kwa ukali, mara kwa wimbo, kwa sababu anaogopa kuwachosha wanaotazama. Wa pili anakimbia: anajibu kabla sentensi haijaisha, kwa sababu kimya kinamtisha. Wa tatu anataja visivyoonekana, "una huzuni", "unanichukia", kwa sababu kukisia ni rahisi kuliko kutazama. Mwalimu ana dawa moja kwa wote. Anawasimamisha na kuuliza: "Umeona nini kwake sasa hivi?" Asiyeweza kujibu anaanza upya. Hakuna hotuba. Kufikia wiki ya tatu unawaona watu wameacha kujitazama wenyewe, na hofu ya jukwaani inapungua bila mtu kuizungumzia, kwani akili yote iko kwa aliye mbele.

Kuna tatizo la hapa kwetu ambalo vitabu vya kigeni haviligusi, na walimu hawa wamelipatia. Binti wa miaka 23 anapowekwa mbele ya papa (mzee) wa miaka 55, hawezi kumkazia macho: amelelewa kuyashusha. Ukimlazimisha, anakuwa mgumu kama mti. Hapa anaanza kwa kutazama mikono ya papa, halafu mdomo, na heshima inabaki ndani ya sentensi yenyewe: "Papa, umekunja mikono." "Mama, nimekunja mikono." Macho yanapanda yenyewe baada ya jioni chache. Zoezi halikupoteza kitu, na hakuna aliyevunjiwa adabu.

Kuigiza papo kwa papo kunapata wiki mbili. Kanuni ni kupokea alichokupa mwenzako na kuongeza juu yake. Kosa la kawaida ni kwamba kila kisa kinageuka ugomvi kabla ya dakika moja, kwa sababu ugomvi unawaka haraka na hautaki kufikiri. Mwalimu anapiga marufuku neno "hapana" kwa dakika tano na kuwapa mikono kazi: kukunja mashuka, kuhesabu makopo. Inatosha.

Kuanzia wiki ya sita wanaingia kwenye maandishi, na hapa dola 60 zinajilipa. Kipande cha kwanza ni kifupi. Mpangaji aliyehama amerudi kwa mwenye nyumba kudai garanti, yaani pesa ya dhamana:

"Papa, nimekuja kwa ajili ya garanti."
"Garanti gani tena, mama?"
"Ile ya miezi mitatu niliyokuachia."
"Hiyo iliishia kwenye rangi ya nyumba."

Anayeanza anaandika pembeni "kwa hasira", "kwa huzuni", halafu anakwenda kuonyesha hasira. Taya linakaza, sauti inapanda kooni, na mwenzake anatoweka machoni pake, maana hasira haiji kwa kuitwa. Darasa linamfundisha kuandika kitendo badala ya hali, kitendo chenye mtu mwishoni mwake: mstari wa kwanza, kumkumbusha, wa pili, kumchosha, wa tatu, kumbana, wa nne, kumfungia mlango. Kitendo kizuri kina alama mbili. Unaweza kukifanya sasa hivi bila kungoja moyo uchemke, na unaweza kushindwa. Ukitaka kumbana, mtazame: amebanwa? Kama bado anatabasamu, mstari unaofuata lazima ubadilike. Hapo ndipo kipande kinapumua, na hasira, kama ni ya kuja, inakuja yenyewe.

Kabla ya vitendo kuna maswali sita ya kujibu kwenye kaye (daftari), yanayofuata njia ya mwalimu wa tiyatere Mrusi Konstantin Stanislavski (1863–1938): mimi ni nani, niko wapi, ni saa ngapi, nataka nini kwa huyu mtu, nini kinanizuia, nitafanya nini nikipate. Swali la tano ndilo watu wanaloruka. Kwenye kipande hiki, kama hakuna kinachomzuia mama, atapiga kelele mara moja na mchezo umeisha. Mwalimu alidai kizuizi kinachoonekana, na jozi moja ikaleta hiki: mama bado ana friji yake kwenye chumba cha papa, na ufunguo anao papa. Mistari minne ileile ikawa kitu kingine kabisa. Mama anabana kwa sauti ya upole, papa anazungusha ufunguo kidoleni, na hakuna aliyeandika hivyo popote.

Kukariri wanakufundisha vizuri pia. Nakili mistari kwa mkono, pamoja na maneno ya mwisho ya mwenzako, kwa sababu hayo ndiyo yanayokuita. Jifunze kwa sauti tambarare, bila kuigiza, ukitembea. Ukikariri pamoja na wimbo, wimbo huo hautoki tena, na siku mwenzako akibadilisha kitu utashindwa kumjibu. Ili kujua kama yameingia, chambua sahani ya maharage huku mtu akikusomea upande wa pili. Mikono ikisimama kila unapotafuta neno, bado. Mistari 10 kwa siku inatosha kwa mtu mwenye kazi. Aliyejaza 40 usiku mmoja anaipoteza nusu asubuhi.

Kuhusu kugusana, sheria imeandikwa ubaoni tangu jioni ya kwanza: hakuna kushika, kukumbatia wala kusukuma kusikopangwa na wawili wenyewe mbele ya mwalimu, na yeyote anaweza kusema "simama" bila kutoa sababu. Imefuatwa. Tunalisema kwa uzito kwa sababu hili ndilo linalowazuia wanawake wengi wa mji huu kujiandikisha, na waume wao kuwaruhusu.

Sasa kasoro. Somo la sauti hapa ni amri: "Toa sauti! Kutoka tumboni!" Hakuna anayeonyesha namna. Mwanafunzi anafanya anachojua, anainua mabega, anasukuma na koo, na kufikia katikati ya muhula wa pili, mazoezi yanapokuwa marefu, watu wanakwaruza. Chumba kinazidisha. Paa ni mabati bila dari, na mvua ya kati ya Novemba na Machi ikishuka hata mwalimu hasikiki. Mwezi wa sita na wa saba ni kinyume: sementi ni baridi, vumbi liko hewani, koo linakauka. Umeme ukikatika wanaendelea kwa taa za simu, na hilo halina ubaya, isipokuwa jirani akiwasha jenereta chini ya dirisha. Walimu wanaweza kuhamisha kiti chao, lakini paa si lao. Somo la sauti lingekuwa lao.

Mpaka walirekebishe, fanya hivi nyumbani, dakika 10 kila siku. Lala chali juu ya mkeka, magoti yamekunjwa, kaye juu ya tumbo. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 4, kaye inapanda, kifua na mabega vimetulia. Toa kwa "sss" ukihesabu hadi 8, sauti ikiwa sawa mwanzo hadi mwisho. Ikitetemeka au kukatika, usiongeze. Ikikaa sawa siku tatu, nenda 12, halafu 16. Kisha badilisha "sss" iwe "zzz", halafu "mmm" mpaka midomo iwashe kidogo, halafu a, e, i, o, u, na mwisho kabisa mstari wako. Simama urudie. Usianze na mstari: koo litarudi kwenye tabia yake.

Kitu kingine wasichokigusa ni mwisho wa neno. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo anayeanza anaiacha silabi ya mwisho ianguke. Kwenye mstari wa kwanza wa viti haijalishi. Kwenye mstari wa nne, "nimelipa" na "nimelipwa" zinakuwa neno moja, na kisa cha garanti kinapinduka. Dawa ni kuweka kiti kimoja tupu kwenye ukuta wa mbali na kupeleka silabi ya mwisho mpaka pale, bila kupiga kelele. Sauti ikikwaruza, nyamaza. Usinong'one, kunong'ona kwa nguvu kunaiumiza zaidi. Kunywa maji yasiyo baridi. Ikipita wiki mbili haijarudi, mwone daktari.

Kasoro ya pili ni onyesho la mwisho. Muhula wa kwanza unafungwa kwa vipande vya dakika tano mbele ya familia, chumbani humohumo, na hiyo ni saizi sahihi. Muhula wa pili unataka mchezo mzima, mavazi, na kila mwanafunzi apewe tiketi za kuuza. Kuanzia wiki ya saba, nusu ya jioni inakwenda kwenye vitambaa, tiketi na nani asimame wapi. Aliyelipa asome anajikuta anafanya kazi ya kundi la tiyatere. Kama wangepunguza mchezo uwe dakika 20 na kuondoa tiketi, tusingekuwa na neno.

Jioni moja ni ya kamera, yaani simu ya mwalimu. Ni fupi lakini ina akili: simu imelazwa kwa ubavu ili picha iwe pana, usawa wa macho, mita moja na nusu hadi mbili, dirisha nyuma ya simu na si nyuma yako. Alama ya chaki sakafuni ya kusimamia, na mwenzako akae karibu kabisa na lensi ili macho yako yaonekane bila kuitazama lensi yenyewe. Ambao walikunja sura muhula mzima wanajiona, na wanaacha siku hiyohiyo.

Anayetarajia kazi ajue kwamba pesa ya kwanza ya mwigizaji hapa mara nyingi hutoka kwenye michezo ya sansibilizasyo, yaani ya kuhamasisha watu: chanjo, maji, haki za ardhi. Mashirika mengi yanapenda njia ya Mbrazili Augusto Boal, ambayo kisa kinaishia vibaya, kinarudiwa, na mtazamaji anasimamisha mchezo na kuchukua nafasi ya mhusika. Kusikiliza kunakofundishwa hapa ndiko kunakohitajika huko, maana hujui mama wa mstari wa mbele atasema nini. Darasa lenyewe halifundishi njia hiyo, na ni hasara.

Njoo na suruali pana, viatu visivyoteleza, kaye, penseli, chupa ya maji na mkeka au kitenge cha kulalia. Ukikaa komine nyingine kama Ruashi au Katuba, panga kabla namna ya kurudi: saa 19:30 ni usiku tayari, na wanafunzi hujipanga wawili wawili mpaka barabara ya basi. Kabla ya kulipia muhula wa pili, uliza mambo mawili na usikubali jibu la kuzunguka: nani anafundisha sauti, na katika jioni 20, ngapi ni za onyesho. Nafasi za muhula wa kwanza hufunguliwa wiki ya mwisho ya muhula uliotangulia. Ukikuta 12 wametimia, omba kukaa nyuma jioni moja. Wanaruhusu bila malipo, na Alhamisi ya wiki ya pili, siku ya zoezi la kurudia, ndiyo ya kuchagua.